Sikio Moja la Nyumbani

Jumapili, 9 Januari 2005

Sasa hivi Klara amefunua sufuria ya uji, amechungulia, ameona hakuna kitu, akanitazama kwa masikitiko na kusema, "Blenki." Nimecheka mpaka nimekaa chini. Mtoto hajafikisha miaka mitatu, Kiswahili chenyewe bado anakitafuta, lakini neno hilo la Kizungu analo. Amelitoa kwenye kompyuta ya baba yake. Kompyuta hiyo inaongea, na ikifika kwenye mstari ambao haujaandikwa kitu inasema blenki. Kutwa nzima tunasikia hiyo. Basi Klara ameshaamua kwamba chochote kisicho na kitu ndani ni blenki.

Nimeona nianze kuandika, nisije nikasahau mambo kama haya.

Mimi ni Loyce, nimeishia darasa la saba. Mume wangu ni Chediel, tunakaa Mandewa, hapa Singida mjini, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Chediel haoni. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo, huko kwao Iguguno. Alisoma shule ya wasioona, akajua breli, akajua kupiga taipu, na mwaka juzi Mwalimu Laurian aliyemfundisha huko akamletea kompyuta kuukuu yenye kitu ndani cha kusoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kioo. Humo ndimo anatengenezea programu. Programu, kwa nilivyoelewa mimi, ni maagizo unayoiandikia kompyuta mstari kwa mstari, na ukikosea mmoja inagoma kama punda.

Wakulima wa huku wameungana wakanunua mashine ya kukamua alizeti, maana siku hizi biashara ni huria, kila mnunuzi anakuja na mizani yake na bei yake, watu wamechoka. Wanataka kila gunia linaloingia liandikwe kwenye kompyuta, na mwenye gunia apewe karatasi yake: ameleta kilo ngapi, ametoka na mafuta kiasi gani na mashudu, yale makapi ya mbegu, kiasi gani. Chediel ameomba kazi hiyo. Mwenyekiti wao, Mzee Mazengo, amesema alizeti ikianza kuingia mwezi wa tano wataona.

Na mama mkwe wangu, Mama Febronia, naye amesema lake. Kazi isipopatikana msimu huu turudi Iguguno tukakae kwake, mwanawe hawezi kulea familia mjini kwa kuongea na boksi. Chediel akamjibu, "Sawa, Mama." Akishamwambia mama yake sawa, hiyo imetoka.

Mimi sitaki kurudi. Sio kwamba Mama ni mbaya. Nataka tu Chediel awe anatoka asubuhi nyumbani kwake anaenda kazini, kama waume wa wenzangu.

Jumatano, 12 Januari

Mvua kutwa. Umeme hakuna. Chediel amesokota kamba.

Ijumaa, 21 Januari

Umeme umekuwepo tangu jana. Nimekaa karibu na Chediel nikichambua mlenda, nikamwangalia anavyofanya kazi. Kile kioo ameshakizima, anasema kinakula umeme bure. Anapapasa vitufe, na sauti inakimbia kama mvua ya mawe kwenye bati.

Nikamuuliza, "Hiyo unaisikiaje?"

"Wewe unamsikiaje Klara? Mimi nakaza masikio na bado nusu sielewi."

Akanieleza. Kwenye programu kila kinachofunguliwa lazima kifungwe. Ukiiambia kompyuta, kama huyu ni mwanachama fanya hivi, mbele huko lazima uiambie, mambo ya mwanachama yameishia hapa. Ukisahau, yote ya chini yanavurugika. Mtu anayeona anatupa jicho tu, mistari ya ndani imesogezwa ndani, anajua yuko chumba gani. Yeye sauti inampa mstari mmoja, halafu mmoja, halafu mmoja. Anasema ni kama kupita kwenye nyumba kubwa umeshika ukuta. Ndiyo maana amejiwekea vibao vya njiani, mistari ambayo kompyuta inairuka lakini yeye anaisikia: hapa uzito, hapa mashudu, mwisho wa mashudu. Ile sauti ni ya Kizungu, ikisema mashudu ni kama mtu anapiga chafya. Klara anaipenda sana hiyo.

Nikamwambia, "Mimi si nina macho? Washa kioo nikusomee."

"Usinisomee, Mama Klara. Ukinisomea nitazoea."

Nimenuna.

Jumamosi, 22 Januari

Nimeacha kununa. Alinisugulia masufuria bila kuombwa.

Alhamisi, 3 Februari

Amekuja Abraham, karani wa kikundi cha wakulima wa alizeti. Amesoma kompyuta Dodoma, maneno mengi, moyo mzuri. Ndiye aliyempeleka Chediel kwa Mzee Mazengo mara ya kwanza. Leo amekuja na sidii mfukoni.

"Kaka Chediel, ile unayoandikia ni ya kizamani mno. Hii ndiyo wanaandikia wakubwa. Ukikosea inakuonyesha kwa rangi nyekundu."

Akawasha kioo, akaiweka. Hata mimi niliona inavutia, maneno mengine ya bluu, mengine ya kijani, kama khanga mpya. Chediel akaweka vidole kwenye vitufe, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Imezimika?"

"Haijazimika, kaka. Maandishi si haya hapa."

"Hapa wapi?"

Abraham alikuwa ameshanyoosha kidole kwenye kioo. Akakishusha mwenyewe taratibu.

Walihangaika nayo mpaka jua likageuka. Ile sauti ilitaja jina la programu ikanyamaza, haikusoma hata neno moja la ndani. Abraham alisema basi aliyeitengeneza hakufikiria kama kuna mtu ataisikiliza. Chediel akasema, "Nyumba nzuri, mdogo wangu, ila haina mlango upande wangu." Wakaitoa, akarudia yake ya zamani ambayo haina urembo wowote, maandishi matupu, na sauti ikarudi kupiga kelele zake. Hakuonekana kusikitika. Mimi ndiye nilisikitika.

Halafu Abraham akataka kujaribu. Akafumba macho, akashika vitufe, akawa anashuka mistari na kusikiliza.

"Nipo wapi sasa, kaka?"

"Upo Manyoni. Sisi tulikuwa tunakwenda Iramba. Geuza."

Jumapili, 13 Februari

Kanisani kikapu cha sadaka kilianzia benchi letu. Klara akachungulia ndani, akawatangazia watu wote, "Blenki." Mzee wa kanisa alikaza uso lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Jirani yetu Mama Agripina amelalamika kwamba ile sauti inamwamshia mtoto. Ana haki. Chediel ameanza kuvaa hedifoni.

Jumamosi, 26 Februari

Hata sijui nianzeje.

Nilienda bombani na Klara mgongoni. Foleni ilikuwa ndefu, nikachelewa. Wakati narudi nikakutana na Mzee Mazengo anatoka upande wa kwetu. Nikatua ndoo, nikapiga goti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Lakini ilikuwa marahaba ya kutema. Nikamuuliza kama ametoka kwetu.

"Nimetoka. Nimepiga hodi, nimerudia, nimeingia mpaka katikati ya sebule. Mumeo amekaa anatikisa kichwa, vidole vinacheza. Nikasema, habari za hapa. Kimya. Mama, kwa umri huu sijawahi kusimama nyuma ya kijana nikangoja shikamoo isije."

"Mzee, nisamehe, mwenzangu haoni."

"Najua haoni. Na kusikia?"

Nikamweleza hedifoni, kwamba anavaa kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Halafu akasema, "Sasa mtu haoni, na masikio yenyewe ameyaziba. Mkulima akija na gunia lake atasalimiana na nani?" Akaondoka.

Nikajitwika ndoo yangu. Na kinachoniuma ni kwamba swali lile siku nyingine nimejiuliza mwenyewe. Chediel akiwa na hedifoni, mimi na Klara ni kama hatupo. Namgusa bega, anashtuka.

Nilipomwambia, alivua hedifoni akaziweka mezani kama kitu cha moto. Akauliza, "Alisimama wapi?"

"Hapo katikati."

Akainuka, akaja mpaka pale. "Hapa?"

"Hapo."

Akasimama pale pale, uso ameuelekezea kiti chake. Alisimama mpaka Klara akaenda kumshika mguu. Akasema, "Mtu mzima ameingia nyumbani kwangu, mimi nampa kisogo." Chakula amekula kidogo sana.

Nadhani kazi imekwenda.

Jumapili, 27 Februari

Hajagusa kompyuta.

Jumatatu, 28 Februari

Hajaigusa. Mvua.

Jumatano, 2 Machi

Mama Febronia ameshuka na basi la mchana, na jogoo, na mtama kwenye kiroba. Habari ameipata hukohuko Iguguno, sijui kwa nani, habari za Singida zinatembea kuliko basi. Nilijua amekuja kutuchukua. Nilimpokea mzigo, nikamwamkia, nikampa maji, moyoni naanza kuhesabu vyombo vya kufunga.

Akamaliza maji, akauliza, "Huyo mzee amesema mwanangu hana adabu?"

"Hakusema hivyo, Mama. Amesema alingoja shikamoo haikuja."

"Hiyo si ndiyo kusema mimi Febronia sikulea?"

Akamgeukia Chediel. "Na wewe hiyo kazi unaitaka?"

"Naitaka, Mama."

"Basi oga. Kesho tunakwenda."

Alhamisi, 3 Machi

Wamekwenda wao wawili na jogoo. Mimi nilibaki nazunguka tu nyumbani kama kuku anayetaka kutaga. Waliporudi Chediel ndiye alinisimulia, maana Mama alikwenda moja kwa moja jikoni kuangalia kama nimetia chumvi.

Anasema Mama alisalimia salamu zote. Za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za wajukuu. Hakuruka hata moja. Ndipo akasema, "Mzee mwenzangu, mtoto wangu amekosa nyumbani kwake, na mtoto akikosa mzazi ndiye anayekuja. Tumekuja." Akaweka jogoo chini. Chediel akatoa shikamoo yake, akaomba radhi.

Nikamuuliza, "Na hedifoni? Hakueleza?"

"Hakuitaja. Wala hakutaja macho."

Nimelifikiria hilo jioni nzima. Mimi nilipokutana na mzee, neno langu la kwanza lilikuwa kwamba mume wangu haoni. Mama ambaye siku zote namwona ndiye anayemhurumia kupita kiasi, alimpeleka kama mtu mzima aliyekosea, akamwombea radhi kama mtu mzima.

Mzee amepokea jogoo na amesema yameisha. Lakini kazi ni jambo jingine, amesema. Alizeti ikianza kuingia, siku ya kwanza Chediel aende kiwandani afanye kazi mbele ya wakulima. "Nataka nimwone anafanya kazi na watu, siyo na boksi."

Alhamisi, 10 Machi

Abraham alimpeleka Chediel kiwandani, wakawasha ile mashine kusudi asikie. Wamerudi wamenyong'onyea. Kelele zake ukiweka spika hata ukipandisha mpaka mwisho husikii kitu. Akivaa hedifoni anaisikia kompyuta, lakini mtu akisimama mbele yake anaongea, hamsikii, na tumerudi kulekule.

Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Bila kuinua uso akauliza, "Chediel, una masikio mangapi?"

"Mawili, Mama."

"Basi moja la mashine, moja la nyumbani. Mnakaa hapo na huzuni kama mmefiwa."

Jumanne, 15 Machi

Sikio moja sio rahisi. Maneno yanampotea. Amepunguza mbio za ile sauti na bado anarudia mstari. Mama amesema anakaa mpaka ajue mwisho wake.

Jumamosi, 26 Machi

Kesho Pasaka. Leo tumefanya mazoezi mpaka nimepata kikohozi cha kucheka.

Tumekuwa tukifanya hivi: Chediel anakaa kwenye kompyuta na hedifoni sikio la kulia, anatengeneza programu kweli, sio mchezo. Mimi napondaponda kitu kwenye kinu, Klara anapiga sufuria kwa mwiko, hiyo ndiyo mashine ya kukamua. Mama ndiye wakulima. Anatoka nje anaingia tena kila mara mtu mwingine. Kuna mkulima kiziwi, kuna wa kulalamika, kuna anayesema gunia lake lilipotoka nyumbani lilikuwa zito kuliko hivi. Sikujua kama ana vituko hivyo.

"Kijana, mizani yenu imekula alizeti yangu."

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba. Nasema mizani imekula."

"Mama, umenipoteza. Nilikuwa kwenye mashudu."

"Mkulima anajuaje kama ulikuwa kwenye mashudu? Niulize watoto hawajambo."

Hapo ndipo penye kazi. Akimsikiliza mtu, akirudi hajui alikuwa mstari gani, na huwezi kuona, ni mpaka uanze kusikiliza tena toka juu. Leo amepata dawa. Kabla hajamgeukia mtu anaandika herufi mbili za ajabu hapohapo alipo, ambazo hazipo kwenye neno lolote. Mtu akiondoka anaiambia kompyuta itafute zile herufi, inamrudisha palepale, anazifuta, anaendelea. Mama alimjaribu mara nyingi. Alimwuliza mpaka habari za shangazi aliyekufa. Chediel akarudi palepale.

Mama akakaa chini akasema, "Huyu sasa anaweza kufanya kazi na mimi ninaongea. Hata marehemu baba yake hakuweza."

Jumanne, 12 Aprili

Klara amepanda kwenye kiti cha baba yake akaanza kubonyeza. Hakujua kwamba kila kitufe sauti inakitaja. Chediel alikuwa uani anafua, akasikia k, k, k, k, akaja mbio na povu mikononi. Mistari mizima ya k. Alimbeba, akafuta pole pole, wala hakukasirika. Anasema mtoto alikuwa anajaribu kuandika jina lake.

Jumamosi, 30 Aprili

Mvua zimekatika. Mashamba ya njia ya Iguguno alizeti zote zimeinamisha vichwa, zimekauka. Watu wameanza kukata. Silali vizuri.

Jumamosi, 14 Mei

Nimechoka lakini lazima niandike leo leo.

Tulikwenda kiwandani wote, Mama na Klara pia. Magunia yalikuwa yameshajaa uani. Abraham alishaipeleka kompyuta na printa tangu jana, ikawekwa meza ya karibu na mizani. Mashine ikawashwa, kelele zikaanza, vumbi la maganda likajaa hewani. Chediel akavaa hedifoni sikio moja.

Wa kwanza, salama. Wa pili, salama. Kila mtu anasalimiwa, anataja jina, Abraham anasoma mizani kwa sauti, Chediel anaandika, karatasi inatoka. Nikaanza kupumua.

Halafu akaja mzee mmoja, Anselm Marko. Akapimiwa, akapata karatasi yake. Nyuma yake mjukuu wake, na yeye ni Anselm Marko, maana mzee alimpa mwanawe jina la baba yake Marko, na Marko akampa mwanawe jina la babu. Kwetu huku ni kawaida. Lakini kompyuta haikulijua hilo. Ilichukua magunia ya mjukuu ikayajumlisha kwa babu, karatasi ikatoka moja ya wote wawili.

Babu akaisoma, akacheka. "Wewe kijana, mke wangu umeshamchukua, sasa na alizeti?" Watu wakacheka. Mjukuu hakucheka, alitaka karatasi yake. Foleni ikasimama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si tuliwaambia, daftari halina mambo haya."

Abraham alinyoosha mkono kwenda kwenye kioo, nikamwona, halafu akaurudisha. Chediel akasema, "Nipeni nafasi kidogo, wazee wangu. Nimewachukulia watu kwa majina tu. Nitaongeza na namba ya uanachama." Akaingia kwenye maagizo yake pale pale, mashine inanguruma, watu wamemzunguka wote. Mimi nilimshika Klara kwa nguvu mpaka akalia.

Na hapo katikati ndipo Mzee Mazengo akaja kusimama ubavuni kwake.

"Habari za kazi, kijana."

Niliona vidole vinabonyeza mara mbili. Akavua hedifoni kabisa, akainuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo, mzee. Sijui ninyi. Mama wa nyumbani amepona mguu?"

"Anatembea sasa."

"Na ng'ombe?"

"Malisho yapo."

Walisalimiana zote. Foleni nzima imesimama inangoja, babu na mjukuu wamesimama, na hakuna aliyenung'unika hata mmoja, maana nani atamkatisha mtu anayesalimia mkubwa? Mzee akasema, "Haya, endelea." Chediel akakaa, akavaa, akabonyeza. Alirudi palepale. Nilijua kwa mabega yake, yalishuka. Akaandika, akasikiliza, kuna mahali alifungua hakufunga, akarudi akafunga. Akawaomba Anselm wote wawili wataje namba zao. Printa ikalia, zikatoka karatasi mbili.

Mzee Mazengo alivaa miwani akazisoma zote mpaka chini. Akampa babu karatasi yake, akampa mjukuu ya kwake. Kisha akamwambia Chediel, "Jumatatu saa moja asubuhi. Usichelewe." Alipopita kwetu akasimama mbele ya Mama, akasema, "Mama Chediel, umelea."

Mama alitazama pembeni kama hakusikia. Lakini njia nzima ya kurudi alitembea mbele yetu, na haraka.

Jumapili, 15 Mei

Kanisani, halafu kulala. Hata Klara.

Jumatatu, 16 Mei

Chediel ameondoka kukiwa bado na baridi, na fimbo yake, amekataa nimsindikize. Mama anarudi Iguguno kesho, peke yake. Amesema mavuno hayamngoji mtu, na mwakani tumletee Klara akiwa na akili. Ya kuhama hajayagusa kabisa, na mimi sijamkumbusha.

Mchana nilimpelekea Chediel chakula. Siku zote ananijua kwa hatua, hata sijafika mlangoni anasema karibu Mama Klara. Leo nilifika, nikasimama na bakuli langu, hakunijua. Alikuwa na watu, huku anaandika, huku anamwuliza bibi mmoja habari za safari, vumbi la alizeti limemjaa kwenye nywele. Nilitaka kumwita. Halafu nikaona hapana, acha amalize. Nikasimama pale mlangoni namwangalia, na ile huruma ambayo nimekuwa naibeba kila ninapomwangalia nikaitafuta sikuiona, na mahali pake nikasikia kitu kingine, nikajiambia, Loyce, kumbe muda wote huu wewe mwenye macho ndiye uliyekuwa

Mama ananiita, anasema niache kalamu niende mbio, Klara amefungua kiroba cha mtama na kuku wote wa Mama Agripina wameingia nda